Mwongozo kamili wa kutengeneza app ya biashara: kuanzia daftari la dukani mpaka Play Store, na mashimo yote niliyotumbukia

Nauza gesi na maji ya kunywa Kijenge hapa Arusha, na nimeshatengeneza app mara mbili. Ya kwanza ilikufa haijafikisha hata mwaka na hela yake sikuiona tena, ya pili ndo hii inayofanya kazi mpaka leo ingawa nayo ilinitoa jasho. Watu wakisikia swali lao la kwanza ni "fundi wako nani, nipe namba yake", na mi huwa nawaambia tulia kwanza, namba ya fundi ni kitu cha mwisho kabisa. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, naandika yote hapa, chukua chai maana ni ndefu.

Hatua ya kwanza: daftari kabla ya app

Kabla hujamtafuta mtu yeyote chukua daftari la elfu moja, mwezi mzima andika kila mteja anayekuja au anayepiga simu. Kachukua nini, mara ya mwisho alikuja lini, kalipaje, anakaa wapi. Mi mara ya kwanza sikufanya hivi, niliona tuu watu wa Dar wanaletewa vitu kwa app nikasema na mi nitakuwa wa kwanza hapa Chuga (Arusha).

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Kwa wateja wangu wa majumbani mtungi wa kilo 15 unakaa mwezi, wengine mwezi na wiki mbili. Maana yake mtu akiweka app yangu leo ataifungua tena baada ya wiki 4 mpaka 6, na hapo katikati simu yake inajaa video za harusi na takataka za magrupu ya WhatsApp, siku simu ikigoma anatafuta cha kufuta, unadhani anaanza na nini? Anaanza na kile ambacho hajakigusa siku nyingi, yaani mimi. Daftari lingeniambia mapema kwamba wanaoagiza kila wiki ni mama lishe wa upande wa soko la Kilombero hapa hapa mjini, vibanda vya chipsi na maofisi yanayochukua maji ya lita 20. Hao ndo wenye app. Familia ya Njiro inayonunua mtungi mmoja mara moja moja inatosha kabisa na WhatsApp Business, ambayo ni bure, unaweka bidhaa na bei, unaweka lipa namba, basi.

Kwa hiyo kama kwenye daftari lako huoni kundi la watu wanaorudi rudi, usitengeneze app bado, tengeneza tovuti nyepesi inayofunguka kwenye simu. Binamu yangu Moshi ana vyumba anakodisha kwa wageni wa mlima, nusura atengeneze app ya Android kwa sababu ukoo mzima tunatumia Android. Nikamuuliza wageni wako wanakuja na simu gani? Wengi iPhone. Wanalala siku ngapi? Tatu. Wanarudi? Hawarudi. Sasa app ya nini? Akaweka tovuti yenye picha nzuri na malipo ya kadi, hela iliyobaki akaezeka bati upya.

Hatua ya pili: funguo zikae mfukoni mwako

Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo niliumia.

App yangu ya kwanza fundi aliiweka Play Store kwa akaunti yake mwenyewe. Alinambia "bosi usihangaike, mi ninayo tayari" na mi nikaona kanisaidia, nimeokoa dola 25. Miezi saba baadae kapata kazi Dar, simu hapokei, meseji anasoma hajibu. Bei ya gesi ikapanda, bei kwenye app ilikuwa imeandikwa ndani kabisa, siwezi kubadili. Wateja wanaagiza kwa bei ya zamani wanataka mtungi kwa bei ya zamani, na ukiwaangalia wana haki. Kuhamisha app kutoka akaunti moja kwenda nyingine Google wanaruhusu, ila mwenye akaunti lazima akubali, na mwenye akaunti ndo huyo hapokei simu. Ikabidi nianze app mpya kabisa, nipigie watu mmoja mmoja "futa ile, weka hii". Zaidi ya nusu hawakuweka.

Ungepanga fremu ya duka ukamwachia fundi rangi ufunguo na mkataba wa pango aandikishe jina lake? Sasa fanya hivi, kabla hata ya kulipa advansi:

Fungua barua pepe moja ya biashara, siyo ya kwako binafsi na siyo ya fundi. Kwa hiyo barua pepe fungua akaunti ya Google Play, dola 25 unalipa mara moja tuu, na kama kweli unahitaji iPhone basi ya Apple ni dola 99 kila mwaka, ukiacha kulipa app yako inaondolewa App Store. Kwa barua pepe hiyo hiyo fungua domeni (jina la tovuti yako), seva (kompyuta ya mtandaoni inayotunza oda na bei zako), akaunti ya kutuma SMS, akaunti ya malipo, ramani, na sehemu zinapohifadhiwa kodi za app, yaani yale maandishi ya fundi yanayoifanya app ifanye kazi, kama GitHub (siyo kodi ya TRA jamani, hiyo nayo ipo inakuja chini). Fundi unamwalika kama mfanyakazi, unampa ruhusa ya kufanya kazi, siku akiondoka unaitoa. Paswedi hazitumwi WhatsApp.

Kuna faili moja la ufunguo wa kusaini app, yaani wa kuthibitisha kwamba app imetoka kwako, wengi hawalijui. Sa hivi Google wenyewe wanatunza ule ufunguo mkuu na fundi anabaki na wa kupandishia matoleo mapya tuu, ambao ukipotea unaomba mwingine, ila bado omba nakala yake na uiweke sehemu mbili. Na lile jina la ndani la app, lile linaloanza na com nukta nini nini, likishaingia Play Store halibadiliki milele, kwa hiyo liwe la biashara yako siyo la kampuni ya fundi.

Akaunti ya Google iwe ya mtu binafsi au ya kampuni? Hili linawachelewesha wengi. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima ipitie majaribio: watu wasiopungua 12 wawe wamejiunga kuijaribu kwa siku 14 mfululizo ndo uombe kwenda hewani. Zamani walitaka 20 wakapunguza. Watu 12 unaona wachache, subiri uanze kuwatafuta, shemeji anajiunga leo kesho kajitoa na unabaki pungufu. Akaunti ya kampuni haipitii hilo ila inataka namba ya D-U-N-S (namba ya kimataifa ya kuitambulisha kampuni), kuomba ni bure lakini inaweza kuchukua wiki kadhaa, na jina lazima lifanane herufi kwa herufi na karatasi zako za BRELA, wale wanaosajili makampuni. Anza kuiomba siku ile ile unayoanza kuongea na fundi.

Kuhusu kumlipa: usitoe zaidi ya theluthi mwanzoni. Sehemu ya pili toa ukishashika kitu kinachofanya kazi kwenye simu YAKO, siyo picha za skrini, na ya mwisho app ikishakaa hewani mwezi mzima. Kwenye mkataba iandikwe wazi kwamba kodi zote ni mali yako na kwamba matatizo ya miezi 3 ya mwanzo anarekebisha bila malipo. Fundi akikasirika kwa hilo mwache aende, bora ugomvi wa mapema.

Hatua ya tatu: punguza

Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na pointi za zawadi, sehemu ya kuchati, ramani inayoonyesha toyo (pikipiki ya dereva) ikitembea, ankara, na kurasa ya habari (habari za gesi?? sijui nilikuwa nawaza nini). Toleo la kwanza lifanye mambo matatu tuu: mteja aone bei, aagize, alipe. Kwangu kitu kilichopendwa kuliko vyote ni kibonyezo kimoja, "Niletee kama mara ya mwisho".

Ile ramani ya toyo inayotembea niliitoa, kwa sababu app ikitaka kujua mahali alipo mtu hata akiwa ameifunga, Google wanataka maelezo ya ziada na video fupi ya kuonyesha kwanini unahitaji, na betri ya dereva inaisha saa nane mchana. Dereva anapiga simu "mama nipo getini", imetosha.

Na lugha. Fundi wangu wa kwanza alichukua maneno ya Kiingereza akayapitisha kwenye mashine ya kutafsiri, kwahiyo kibonyezo kikasomeka "Ongeza kwenye mkokoteni". Mteja wa Sakina akapiga simu kuuliza kama tunaleta kwa mkokoteni maana kwao kuna mlima. Sasa hivi imeandikwa "Weka kwenye kapu". Maneno yote ya kwenye app andika mwenyewe, kama unavyoongea dukani.

Hatua ya nne: jaribu kwenye simu za watu

Fundi ana simu kali na intaneti ya ofisini. Kwake kila kitu kinaruka.

Mi nilimpelekea mama mmoja wa chipsi pale karibu na stendi ndogo, mteja wangu wa muda mrefu. Tecno ya zamani, skrini imepasuka kona. Play Store ikasema nafasi haitoshi, app yetu ilikuwa MB 94. Akaanza kufuta video, ya kwanza kafuta, ya pili kafuta, ya tatu ilikuwa ya kipaimara cha binti yake, akaiangalia mpaka mwisho huku viazi vinaungua, akasema hii sifuti. Tukapata nafasi. App ikafunguka, kabla hata hajaona bei inataka ajisajili, ikatuma namba ya kuthibitisha kwa SMS, laini yenyewe ipo kwenye kitochi kimebaki nyumbani kinachaji. Akanirudishia macho akasema "baba, mi si nitakupigia tuu".

Siku hiyo nilijifunza kuliko miezi yote ya mikutano na fundi. Tulichobadilisha: picha zikapunguzwa ukubwa na vikorokoro ambavyo havitumiki vikatolewa, app ikashuka mpaka MB 17. Bei zinaonekana bila kujisajili. Kujisajili kunakuja wakati wa kuagiza, na akishaingia mara moja hatolewi nje kila wiki. Namba ya simu ya duka ipo juu kila ukurasa.

Kwa hiyo tafuta simu tatu: moja ya bei ya chini kabisa ya RAM GB 2, moja ya kati, moja iliyojaa. Jaribu ukiwa na bando linaloelekea kuisha, jaribu ndani ya kifodi (daladala ndogo) ukitoka mjini kwenda Ngaramtoni, jaribu kuzima data katikati ya kuagiza. App ikikuonyesha kile kiduara kinachozunguka bila neno lolote, mrudishie fundi. Mtandao ukikatika oda ibaki kwenye simu na imwambie mteja wazi "haijatumwa, tutatuma mtandao ukirudi".

Halafu anwani. Usiweke fomu ya mtaa, namba ya nyumba na postikodi ukadhani utafika. Ni kweli tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba getini, ila muulize mteja namba ya nyumba yake, atakwambia "Sakina kwa Iddi, ukishuka bondeni, geti la bluu". Weka sehemu ya kuandika maelezo kwa maneno yake, na pini ya ramani iwe ya hiari, na dereva akishafika mara ya kwanza app ipakumbuke pale alipofika.

Hatua ya tano: pesa

App nyingi za kibiashara nilizoona zinafia hapa.

Malipo ya simu yanavyofanya kazi ni hivi: mteja anabonyeza lipa, seva yako inatuma ombi, simu yake inatokeza kidirisha anaweka namba ya siri, kisha mtandao unarudisha jibu kwenye seva yako. Fundi wengi wanatengeneza majibu mawili, amelipa au hajalipa. Ila kuna jibu la tatu, HATUJUI BADO, na hilo ndo linaloua.

Jumamosi moja jioni mvua inapiga, mteja wa Njiro kalipa mtungi, hela imekatwa kwake, jibu halikufika kwenye seva yangu. App ikamwandikia "Malipo yameshindikana, jaribu tena". Mtu mwema akajaribu tena. Elfu hamsini na kitu mara mbili. Nilirudisha hela Jumatatu lakini wikendi nzima kwenye simu ya yule mama mimi nilikuwa tapeli.

Mwambie fundi hivi, na usikubali "itafanyika baadae". Kila oda iwe na namba yake ya kipekee, jibu la malipo likija mara mbili kwa namba hiyo lihesabiwe mara moja. Jibu lisipokuja, app iseme "tunasubiri uthibitisho, usilipe tena" na kibonyezo cha kulipa kifungwe, huku seva ikiendelea kuuliza yenyewe hali ya muamala kila baada ya muda mfupi. Mzigo usitoke kwa picha ya meseji ya muamala, meseji zinafojiwa kirahisi sana, utoke kwa jibu lililofika kwenye seva au kwa kuangalia akaunti yako. Na kila usiku mtu akae alinganishe orodha ya oda na taarifa ya malipo, mstari kwa mstari. Mke wangu ndo anafanya, dakika kumi tuu.

Namba ya kulipia mteja aweze kuibadilisha, kuna watu wanajisajili kwa Airtel wanalipa kwa M-Pesa ya mume. Pitia kwa mkusanya malipo mmoja anayekupa mitandao yote, M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas (ile Tigo Pesa ya zamani), kuliko kuandikiana na kila mtandao. Muulize maswali mawili kabla ya kusaini: makato ni kiasi gani kwa kila muamala na nani anayabeba, na hela inaingia benki yangu siku gani. Hilo la pili ni zito, ukiuza Ijumaa hela ikaja Jumanne, mtaji wa kununua mitungi Jumamosi unatoa wapi? Na malipo mkononi usiyaondoe.

Kuna mtu lazima atakushauri uweke pochi ndani ya app, wateja waweke hela mapema. Acha. Kutunza hela za watu namna hiyo ni shughuli inayohitaji leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Kuhusu wale wanaoogopa kwamba Google au Apple watakata asilimia ya gesi, hapana, bidhaa za kushikika zinalipiwa nje ya mfumo wao, wanaokatwa ni wanaouza vitu vya kidijitali ndani ya app.

Karatasi nyingine fupi fupi: mauzo ya kwenye app ni mauzo, risiti ya EFD inatoka kama dukani. Na ukishakusanya majina, namba za simu na mahali watu wanapoishi, unaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, kuna Tume yake na kuna kujisajili kama mkusanyaji wa taarifa. Usimpe mtu wa matangazo orodha ya wateja wako hata kama ni rafiki.

Hatua ya sita: kupeleka Play Store na App Store

Tulikataliwa mara tatu, nakupa sababu ili usipoteze wiki zako.

Kwanza, mkaguzi wa Google au Apple hana laini ya Tanzania. App yako ikimtaka aweke namba ya +255 asubiri SMS, anakwama mlangoni anakukatalia. Tengeneza akaunti ya majaribio yenye namba ya kuthibitisha isiyobadilika, uandike kwenye fomu ya maelezo ya kuingia. Pili, app inayoruhusu kufungua akaunti lazima iruhusu kuifuta, ndani ya app, na Google wanataka na kiungo cha kwenye tovuti pia. Tatu, tuliomba ruhusa ya kusoma SMS za mteja ili ile namba ijijaze yenyewe, hiyo ruhusa wanaibana sana na kuna njia nyingine ya kufanya kitu hicho hicho bila kuiomba. Ongeza na hii ya Apple: app ambayo ni tovuti iliyofungwa tuu ndani ya gamba wanaikataa.

Fomu ya usalama wa data ijaze kwa ukweli, ukisema hukusanyi mahali alipo mtu na app inakusanya, wanaona.

Siku ya kuzindua

Isiwe Ijumaa jioni na isiwe Desemba. Kwa Moshi hili ni la kuandika ukutani, Wachaga wakishapanda nyumbani kula sikukuu biashara inakuwa moto na huo ndo wakati mbaya kabisa wa kugundua kwamba seva yako inazidiwa. Toa Septemba au Oktoba, irekebishe, Desemba ikukute umetulia. Wa utalii wafanye kinyume, wajaribu wakati wa masika wageni wakiwa wachache, Juni waingie kazini.

Usiachie kwa wote kwa mpigo. Play Store inakuruhusu kupeleka toleo jipya kwa asilimia ndogo ya watumiaji kwanza, ukiona linakrashi unalisimamisha. App Store wana utaratibu wao wa siku 7, unaanza na asilimia 1 ya wanaopata apdeti za moja kwa moja. Kumbuka ukishatoa huwezi kurudisha la zamani, unatoa jipya lenye namba kubwa zaidi, kwa hiyo bei, matangazo na namba za simu zikae kwenye seva ambako unabadilisha mwenyewe bila kumsubiri fundi wala mkaguzi.

Na nyota 5 za kununua usinunue, ni kinyume na masharti yao. Mi niliweka kipande cha karatasi kwenye kila mtungi, na dereva akawa anamsaidia mteja kuweka app pale pale getini.

Baada ya hapo

Tenga bajeti ya kila mwezi: seva, SMS, fundi wa kurekebisha. Kila mwaka Google wanapandisha kiwango cha Android ambacho app lazima iendane nacho, kwa mfano kuanzia 31 Agosti 2025 app mpya na apdeti zote zilitakiwa zilenge Android 15, ukilala miaka miwili wateja wapya wenye simu mpya hawataiona app yako kabisa.

Idadi ya waliodaunlodi usiitazame. Kila Jumatatu asubuhi nafungua orodha moja tuu, ya walioweka vitu kwenye kapu hawakumaliza. Wiki iliyopita walikuwa sita. Nikawapigia wote. Wawili salio halikutosha, mmoja mtoto alikuwa anachezea simu, na watatu waliobaki wote wanakaa Moshono na wote walikwama kwenye ukurasa mmoja, ule wa kuchagua eneo, kwa sababu Moshono yenyewe tulisahau kuiweka.